Nani analipia sauti ya madaktari wa meno?

Tarehe 20 Machi ya kila mwaka, dunia inapoadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno, sherehe zetu za Afrika Mashariki hufuata utaratibu uleule. Kuna mgeni rasmi, kuna wanafunzi wa shule ya msingi waliopangwa mistari wakifundishwa kushika mswaki, kuna meza ya uchunguzi wa bure, na kuna fulana. Kifuani fulana ina nembo ya chama cha madaktari. Mgongoni, kwa herufi kubwa zaidi, jina la dawa ya meno. Hakuna anayeficha kitu. Kule Kenya, chama cha madaktari wa meno kimeshirikiana na Colgate kwa miaka mingi katika kampeni za namna hii. Shirikisho la Dunia la Madaktari wa Meno, FDI, ambalo ndilo lenye siku hiyo, limewahi kuitangaza kwa udhamini wa Unilever, wa wenye Listerine, na wa Wrigley, kampuni ya bigijii ambayo tangu 2008 iko mikononi mwa Mars, wauza chokoleti. Mimi fulana hazinikeri. Mtoto akipewa mswaki, amepata mswaki. Kinachonishughulisha ni hatua inayofuata, pale chama kilichozoea kulipiwa sherehe kinapokwenda Dodoma kuzungumza na waziri au na wabunge kuhusu meno ya wananchi. Hapo fedha za kampuni hazina mahali pake, na zikiwapo ni lazima zitajwe mbele ya kila anayesikiliza.

Sizungumzii rushwa. Siamini kwamba daktari aliyesota miaka mitano Muhimbili atabadili ushauri wake kwa ajili ya kofia na chakula cha mchana hotelini. Udhamini hufanya kazi kwa upole zaidi ya hapo: huamua lipi litazungumzwa kila mwaka na lipi litabaki ndani ya faili. Jambo lenye bidhaa ya kuuza hupata jukwaa, vipaza sauti na mwandishi wa habari. Jambo lisilo na bidhaa hungoja mtu mwenye muda na nauli yake mwenyewe, na mtu huyo mara nyingi hatokei. Baada ya miaka kumi ya utaratibu huo, hata madaktari wenyewe huanza kuona kwamba matatizo ya meno ya nchi hii ni yale yanayozungumzwa jukwaani.

Itazame Ushongo, kijiji cha pwani kusini ya mji wa Pangani, chenye wavuvi, minazi na hoteli kadhaa za watalii ufukweni. Duka la kijiji la aina hii lina miswaki iliyoning'inizwa juu ya kaunta na dawa ya meno ya pakiti kubwa na ndogo. Chini yake kuna ndoo ya pipi, pakiti za juisi ya unga, na pembeni friji yenye rangi za kampuni ya soda. Kwa maana hiyo kampuni zote mbili, ya kusafisha meno na ya kuyaozesha, zimeshafika Ushongo bila kusubiri barabara. Huduma ndiyo haijafika. Jino likianza kuuma, mtu hubandika karafuu kwenye tundu, husukutua maji ya chumvi, hunywa vidonge vya maumivu, na husubiri. Shavu likivimba, hupanda bodaboda, huvuka Mto Pangani hadi hospitali ya wilaya, na ikibidi huendelea kilomita zaidi ya arobaini nyingine hadi hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Akishafika huko, siku ya kazi imepotea na nauli ya kurudi inahesabiwa mfukoni, naye husema kile ambacho kila tabibu wa meno amekisikia: ng'oa, yaishe. Tafiti za Tanzania tangu miaka ya 1980 zimekuwa zikirudia picha hiyohiyo, kwamba wengi wanaofika kliniki ya meno hufika kwa maumivu na huondoka wakiwa wameng'olewa jino.

Sasa ujiulize ni kitu gani kingebadilisha safari hiyo. Tabibu wa meno aliyeajiriwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na mshahara wake ukapangwa kwenye bajeti. Kuziba jino kuwemo kwenye kitita cha mafao ya bima, kwa bei ambayo kituo hakipati hasara kikizibia badala ya kung'oa. Kodi inayofanya soda na juisi ya unga visiwe vitu rahisi kuliko vyote dukani. Kati ya hayo, hakuna hata moja lenye kampuni ya kulibeba. Haya ni madai ya kisiasa hasa, kwa maana ya kwamba yanahitaji mtu akae mbele ya wanaogawa fedha za umma na kubishana nao mwaka hadi mwaka. Mswaki, kwa upande wake, haumgombanishi mtu na serikali. Kumwambia mwanafunzi apige mswaki mara mbili kwa siku ni kumtwisha yeye na mama yake jukumu lote, na waziri hurudi nyumbani akiwa hajadaiwa shilingi.

Kuna kisa kimoja ambacho Watanzania tungepaswa kukijua zaidi, kwa sababu kilianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza na wenzake kutibu meno yaliyooza mahali pasipokuwa na umeme. Hawakutumia mashine ya kutoboa. Walikwangua uozo kwa vifaa vya mkono, wakaliziba tundu kwa saruji ya meno. Baadaye mbinu hiyo, inayojulikana duniani kwa kifupi chake ART, ikapata saruji inayoshika jino yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mwaka 1994, Shirika la Afya Duniani lilipofanya afya ya kinywa kuwa mada ya Siku ya Afya Duniani, liliitangaza kwa ulimwengu mzima. Mwaka 2021 saruji yenyewe iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu za shirika hilo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Mgonjwa anaweza kulala juu ya meza ya darasani, tabibu akakaa kwenye kigoda kichwani pake, na jino likapona. Hii ndiyo tiba hasa kwa mahali kama Ushongo.

Mbona basi miaka arobaini baadaye tunang'oa tu? Kampuni za vifaa vya meno hazikuipuuza mbinu hiyo; zilitengeneza saruji maalumu kwa ajili yake na zikaitangaza kwa bidii, na ni haki yao. Zilichotangaza ni saruji. Mkono unaoshika kifaa, yaani ajira ya tabibu, mafunzo yake, usimamizi wake na bei anayolipwa na bima kwa dakika ishirini za kukwangua, haukuwa na wa kuutangaza. Mashine ya meno yenye kiti, taa na pampu ina wakala wake mjini, ana brosha, na yuko tayari kudhamini mkutano wa kisayansi. Tabibu wa wilayani hana wakala.

Uamuzi mkubwa wa aina hii uko mlangoni. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, na Novemba 2025 huko Geneva nchi wanachama zilikubaliana kwamba ifikapo 2034 matumizi ya zebaki katika kuziba meno yakome. Nchi za Afrika ndizo zilizokuwa zikisukuma jambo hilo kwa nguvu. Swali linalobaki ni kitu gani kitachukua nafasi yake katika hospitali zetu za umma. Njia moja ni plastiki ngumu inayofanana na rangi ya jino, inayohitaji taa maalumu ya kuigandisha, umeme wa uhakika na tundu lililo kavu kabisa. Nyingine ni ile saruji ya mbinu ya kukwangua kwa mkono. Zote mbili zina mahali pake, na zote mbili zina wauzaji. Wizara itakapoomba ushauri wa kitaalamu, mshauri atakuwa daktari, na ni jambo la kawaida kabisa kumwuliza nani alimlipia kongamano la mwisho alilojifunzia anachokipendekeza.

Atasema mtu kwamba haya ni mashaka tu, hakuna ushahidi kwamba udhamini hupindisha ajenda ya afya ya meno. Upo, na umeandikwa vizuri. Mwaka 2015 Cristin Kearns, daktari wa meno wa Marekani, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, walichapisha katika jarida la PLOS Medicine uchambuzi wa nyaraka 319 za ndani za sekta ya sukari, za kati ya 1959 na 1971. Nyaraka hizo zinaonesha kwamba wenye viwanda hawakujisumbua kukanusha kuwa sukari huozesha meno, walishajua hilo. Walichofanya ni kufadhili utafiti wa vitu vingine: vimeng'enya vya kuvunja utando wa meno, na chanjo dhidi ya kuoza. Waliingia pia kwenye kamati na taasisi ya taifa ya utafiti wa meno. Mwaka 1971 taasisi hiyo ilipotoa mwito wake wa kwanza wa maombi ya utafiti katika mpango wa kutokomeza uozo wa meno, asilimia 78 ya mapendekezo ya sekta ya sukari ilikuwa imeingia humo. Uchunguzi wa jinsi ya kuwafanya watu wale sukari kidogo ulikaa pembeni. Wanasayansi wale hawakusema uongo. Waliongozwa kuuliza swali lingine, na kwa wakati huo kizazi kizima cha watoto kilikua. Kwa wanaodhani ni mambo ya kale, mwaka 2003 taasisi ya madaktari wa meno wa watoto wa Marekani ilikubali dola milioni moja kutoka Coca-Cola, na kelele zilizofuata zilikuwa za haki.

Kwetu sukari ina siasa yake, tena kali, lakini meno hayamo. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, mjadala wa nchi nzima ulikuwa wa bei, viwanda na vibali vya kuagiza kutoka nje. Ni kweli mtu anayetafuta kilo moja kabla ya Ramadhani hana hamu ya hotuba kuhusu uozo. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015, unaotaka sukari isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya ushahidi wa meno. Madaktari wa meno ndio wenye haki ya kwanza ya kusema juu ya kodi ya vinywaji vitamu katika nchi hii. Wanasikika kidogo mno.

Haki inanidai niseme pia upande wa pili, kwa sababu kampuni hizi hazifanani. Agosti 1960 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliithibitisha Crest kuwa dawa ya meno inayozuia uozo, na mauzo yake yakapaa. Chama kilinufaisha kampuni, ni kweli. Lakini floraidi inafanya kazi, na watu wengi walibaki na meno yao kwa sababu hiyo. Kampuni ya dawa ya meno na mtoto wa Ushongo wana masilahi ya pamoja hadi mahali fulani. Dawa ya meno yenye floraidi ikipungua bei, wote wawili wanapata. Tofauti huanza pale pakiti inapoishia. Panda kutoka pwani hadi Arusha na miteremko ya Meru, ukutane na watu wenye meno ya kahawia kwa sababu maji ya kisima yamejaa floraidi kupita kiasi. Tatizo lao linajulikana kwa miongo, kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikitafuta namna ya kuyachuja maji hayo, na wengine huishia na mifupa iliyopinda. Maji safi hayauzwi ndani ya tyubu. Kampeni iliyobuniwa makao makuu ya mbali haiwezi kuliona jambo hilo, nayo haina sababu ya kuliona.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya umaskini. Mkono mtupu haulambwi, watasema, na chama cha madaktari wa meno katika nchi kama yetu kina wanachama wachache. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika ina madaktari wa meno takriban 3.3 kwa kila watu 100,000, kama sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Ada za watu hao hazitoshi kukodi ukumbi, wacha kulipia maonesho ya kitaifa. Nakubali, na ndiyo sababu sisemi fedha za kampuni zikataliwe. Zipokewe kwa miswaki, kwa uchunguzi wa bure mashuleni, hata kwa mkutano wa kisayansi, na kiasi kilichotolewa kichapishwe. Kuzungumza na serikali ni kazi ya aina nyingine, nayo, tofauti na inavyodhaniwa, ni nafuu. Waraka wa kurasa kumi unaoeleza kwa nini kuziba jino kuingizwe kwenye kitita cha bima hauhitaji hema wala fulana. Unahitaji watu watatu wanaojua bei za vifaa, wikiendi mbili za kuandika na kusahihisha, na tikiti ya treni ya Dodoma. Ada za wanachama zinatosha hapo. Chama kinachoshindwa kugharamia hata hicho kwa mifuko ya wanachama wake kina tatizo ambalo mdhamini hawezi kulitibu.

Wala nisionekane kama ninayedhani fedha za wanachama ni safi kwa sababu tu ni zao. Madaktari nao ni wafanyabiashara wakati mwingine. Huko Alaska, matabibu wa meno waliofunzwa kuziba na kung'oa katika vijiji vya wenyeji wa asili walishtakiwa mwaka 2006 na chama cha madaktari wa meno cha jimbo pamoja na kile cha taifa, kwa madai kwamba wanafanya udaktari bila leseni. Mwaka uliofuata mahakama ikawapa haki matabibu. Vijiji hivyo vilikuwa mbali na daktari kuliko Ushongo ilivyo mbali na Bombo. Sisi tumejenga huduma yetu ya meno juu ya mabega ya matabibu tangu mwanzo, na siku madaktari wetu watakapokuwa wengi mijini, kishawishi cha kuwabana matabibu hao kitakuja. Kwa hiyo sharti la uwazi liwahusu wote: anayeleta hoja aseme nani amegharamia, hata kama ni yeye mwenyewe na wenzake wa taaluma.

Marekani, ambako fedha za siasa ni nyingi kupita kiasi, chama cha madaktari wa meno kina mfuko wake wa kuchangia wagombea, ADPAC. Sheria inawalazimu kutaja nani ametoa na nani amepokea, hivyo mwananchi yeyote anaweza kusoma. Sipendi mfumo wao, ila katika hili wametupita. Sisi tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayowataka wagombea na vyama vya siasa waeleze fedha walizopokea. Tuna pia sheria ya 2017 ya wanataaluma wa tiba, meno na afya shirikishi, inayoliwezesha Baraza la Madaktari Tanganyika kumwajibisha daktari mmoja mmoja kwa mwenendo wake. Kati ya sheria hizo mbili kuna pengo pana. Chama cha kitaaluma kinapoingia kwenye chumba cha kamati kikiwa kimelipiwa utafiti, hoteli na usafiri na kampuni yenye masilahi katika uamuzi huo, sheria ya uchaguzi haimgusi mtu kwa sababu si uchaguzi, na baraza haliulizi kwa sababu hajakosewa mgonjwa.

Wakati wa kuziba pengo hilo ni huu, kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imefanya kitita cha mafao kuwa uwanja ambapo kila taaluma ya afya itagombea nafasi yake. Wenye mashine za figo watakuja, wenye miwani watakuja, wenye dawa za kisukari watakuja, na meno, yasiyoua haraka, yatasukumwa mwisho wa foleni kama kawaida yake. Chama cha madaktari wa meno kitasikilizwa zaidi kikiingia humo bila jina la dawa ya meno mgongoni. Na Kamati ya Bunge ya Afya haihitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza. Mwenyekiti anaweza, kabla ya mtoa hoja yeyote kufungua kabrasha lake, kumtaka ataje kwa kumbukumbu rasmi ni nani aliyelipia kazi iliyomo ndani yake, kiasi gani, na kama mlipaji huyo anauza chochote kati ya vitu vinavyopendekezwa.